Sensa ya Hewa na Rangi ya Njano

Mwanangu Restituta,

Salamu tuziruke, maana nimewaona sasa hivi wewe na mama yako mkiondoka kwenda Mpitimbi kumuaga bibi yako, wewe umebeba sukari na yeye anakuhesabia mambo njia nzima: sweta, soksi nzito, usile ovyo stendi, ukifika Makambako piga simu kabla hujashusha begi. Hayo yote namwachia yeye. Anayajua, na ukisahau moja atakukumbusha mpaka uchoke. Mimi nimebaki hapa gereji. Leo Jumapili, mteja hakuna, mlango nimeuegesha, na nimekaa juu ya ile injini mbovu ambayo tangu utoto wako unaiita kiti cha baba. Naandika kwa sababu wiki hii nimejaribu mara tatu kukuambia jambo kwa mdomo, na mara zote tatu nikaishia kuzungumza habari za upepo wa matairi.

Mara ya tatu nilijisikia kinyaa kabisa. Ulikuwa umekaa pale mlangoni unamenya mihogo, ukaniangalia ukasema, "Baba, mbona una la kusema husemi?" Nikakujibu kwamba tairi za basi zikiwa na upepo mwingi hazishiki barabara. Mtu mzima wa umri wangu.

Basi, jambo lenyewe ni hili. Siku uliyorudi kutoka chuoni ukirukaruka, ukasema umepata nafasi ya kazi Makambako kwa Fundi Gaudensi Nyoni, mtu wa huku kwetu Songea, "na anasema anakufahamu, baba," tonge la ugali lilinikwama. Ulifikiri nimepaliwa ukaniletea maji. Siku mbili baadaye simu yangu ikaita. Sikuijua namba, lakini sauti niliijua kabla hajamaliza kunisalimia. Miaka kumi na minne sikuwa nimeisikia.

"Mapunda, hujambo? Mtoto wako anakuja kwangu," akasema. "Kila anayekuja kwangu kazi namuuliza swali moja siku ya kwanza. Sensa ya hewa kwenye gari la turbo inafungwa wapi. Akishajibu namuuliza nani alimfundisha. Mwandae."

Akakata. Hakunitukana, hakunikumbusha kitu. Afadhali angenitukana.

Swali la kwanza halinipi shida, kwa sababu jibu unalo tangu una miaka kumi na miwili. Sensa inakaa baada ya filta na kabla ya turbo, kwenye bomba lililonyooka, mbali na kona, mshale wake ukiangalia inakokwenda hewa. Unajua na sababu. Mle ndani mna kitu chembamba sana kinachopashwa moto kwa umeme, hewa ikipita inakipoza, na kompyuta ya gari inapima umeme unaotakiwa kukirudishia joto lake. Kwa kipimo hicho inajua injini imevuta hewa kiasi gani, na inamwaga petroli kwa kadiri hiyo. Ukiiweka sensa baada ya turbo unaiweka mahali hewa inasukumwa kwa nguvu, ina joto, na turbo ikiwa imechoka inatema mvuke wa oili unaoganda juu yake. Ikishapakwa oili haiisikii tena hewa sawasawa. Inaiambia kompyuta hewa ni kidogo kumbe ni nyingi, petroli inapungua, moto ndani unazidi, na pistoni inatoboka. Najua wapo wanaoiweka huko na gari likaenda, lakini wale wameipanga upya na kompyuta yenyewe, wana vifaa vya kupimia, na turbo zao ni nzima. Hapa kwenye gereji yetu ya Msamala tulikuwa na mashine ya kuchomelea na kiburi.

Hayo yote nilikufundisha mimi. Sasa soma nikueleze kwa nini hutakiwi kumjibu Gaudensi kwamba ni mimi.

Ulikuwa na miaka sita. Gereji hii ilikuwa yetu wawili, mimi na Gaudensi, na wewe ulimwita baba mdogo tu, jina lake hukulijua. Ndiye aliyekuwa akikukalisha kwenye usukani, na zile gololi za chuma ulizo nazo kwenye kopo mpaka leo, alizitoa kwenye beringi mbovu akakuoshea kwa petroli kabla ya kukupa. Umewahi kuniuliza kwa nini aliondoka. Nilikujibu, ukiwa unavaa gauni jeupe la komunyo ya kwanza, kwamba aliharibu gari la watu. Nilikujibu hivyo mlangoni pa kanisa.

Tulikuwa na desturi yetu ya kazi. Ukishakaza boliti mpaka mwisho wake unaidondoshea doa la rangi, ili mwenzako asirudie, na ikija kulegea ijulikane ilikazwa na mkono wa nani. Mimi nilikuwa na kopo la rangi nyekundu, yeye la njano. Wateja walipenda kuonyeshwa madoa yale. Nilikuwa nawainulia boneti nawaeleza kwa majivuno kwamba gereji nyingine hazina utaratibu kama huu.

Ndipo Bi Zuhura akaleta gari. Unamjua, mwalimu mwenye asili ya Tanga, aliyehamishiwa huku wakati ule akiwa bado anashangaa baridi ya Juni. Lilikuwa lile stesheni wagoni la kijani, la petroli, lenye turbo. Alikuwa akifundisha nje ya mji, vumbi la njia ile unalijua, na boksi la filta lilikuwa limepasuka, kila wiki sensa inajaa vumbi na gari linakosa nguvu. Alimletea Gaudensi, siyo mimi. Watu wote wenye magari yenye matatizo ya kuumiza kichwa walimletea Gaudensi. Mimi nililetewa breki na springi.

Gaudensi alilifungua, akatoa boksi, akaagiza jingine Dar es Salaam, akamwambia mama yule asubiri. Kabla boksi halijafika akapata msiba Mbinga, wa mjomba wake. Siku anaondoka alisimama pale penye benchi akaniambia, "Boksi likija funga. Lisipokuja, liache. Sensa usiisogeze."

Restituta, ile "usiisogeze" ndiyo iliyonichoma. Ningejua tangu hapo kwamba nina ugonjwa. Mtu mwema anakuachia maelekezo ya kazi, wewe unasikia dharau. Nilikaa siku nzima nalitafuna neno lile. Nani alimfanya mkubwa wangu? Tulianza pamoja, benchi tulinunua pamoja, mbona mimi niambiwe nisiguse kama mwanafunzi? Siku ya nne Bi Zuhura akapita, amechoka kupanda bodaboda, akasema, "Fundi, hata wewe huwezi kunisaidia?" Lile "hata wewe" likamalizia kazi.

Nililala na wazo, nikaamka na wazo, na wazo lenyewe nililiona la akili nyingi. Kama vumbi linaingia mbele, si uihamishe sensa nyuma? Nikakata bomba la aluminiamu linalotoka kwenye intakula, ile ya kupoza hewa ya turbo, nikalichomelea kiti cha sensa, karibu kabisa na kona ya kuingilia injini. Nikarefusha nyaya. Mbele ya turbo nikafunga kifilta cha duara nikakizungushia sponji iliyolowekwa oili. Kazi ya siku mbili, na kwa macho ilipendeza. Hata leo nikiitazama ile weldi naiona ni nzuri, na hilo nalo linaniudhi.

Nilipofika kutia madoa, kopo langu lilikuwa limekauka. La Gaudensi lilikuwa pembeni, limefunikwa vizuri kama alivyokuwa akifunika vitu vyake vyote. Nikachovya humo. Naapa kwako, saa ile sikuwa na ubaya wowote kichwani. Ni rangi tu, na gereji ni moja. Nikadondosha doa la njano kwenye kila klempu ya kubania bomba na kila boliti, nikajifuta kwenye mkono wa ovaroli, nikamwita mwenye gari.

Alipokuja alifurahi mpaka akanishika mkono. "Umelitengeneza wewe?" Nikajifanya mnyenyekevu, unajua tunavyofanya, kujisogeza nyuma ili usukumwe mbele. Nikasema, "Aa, mimi nimemalizia tu." Nilitegemea atabisha, anisifu zaidi. Hakubisha. Alipanda akaondoka, na wiki ile alikwenda Namtumbo na kurudi, akanipigia kusema gari linaruka.

Gaudensi aliporudi hakuuliza habari ya mji wala ya msiba. Aliangalia uwanja. "Boksi limefika?" Nikamwambia halijafika, nimetafuta njia nyingine. Akanitazama. "Sensa umeiweka wapi?"

Unasikia hilo swali? Ndilo atakalokuuliza.

Nilimwambia. Akasema bila hasira, "Ile turbo inavuja oili. Mpigie aturudishie gari leo." Nikasema nitampigia. Nikatoka nje na simu sikioni, nikazunguka nyuma ya ukuta, nikarudi nikasema hapatikani. Sikuwa nimebonyeza kitu. Kesho yake nikasema amesafiri kwenda kwao Tanga, atakaa mwezi. Nilikuwa tayari gari la mtu life kuliko kumpigia na kusema nimekosea, lirudi, lifunguliwe mbele ya Gaudensi.

Kama wiki nne baadaye Bi Zuhura alipita, Gaudensi akiwa ameenda kula. "Fundi, nikipanda mlima kuna sauti, kama bisi zinaanza kupasuka sufuriani." Niliijua sauti ile ni nini. Usije ukanisingizia ujinga, nilijua. Nikamwambia petroli ya siku hizi ni mbovu, ajaze kituo kingine. Akanishukuru. Kila nikipita mbele ya kituo chochote cha mafuta nakumbuka alivyonishukuru.

Injini ilikufa njia ya Namtumbo, kwenye mwinuko. Pistoni ilitoboka. Walilivuta kwa lori mpaka hapa uwanjani, na alikuja na mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu alikuwa mgeni na aliogopa kuonewa. Boneti ikainuliwa. Na kwa kuwa mimi mwenyewe ndiye niliyewahi kumweleza habari za madoa, alinyoosha kidole akauliza, "Hii njano ni ya nani?"

Gaudensi aliinama akatazama. Alikwenda doa moja baada ya jingine, akagusa ile weldi kwa kidole gumba, na weldi yangu anaijua kama unavyoujua mwandiko wangu. Akasimama wima. "Rangi ni yangu," akasema, "kazi si yangu. Mimi nilikuwa Mbinga msibani."

Bi Zuhura akasema, "Lakini wewe ndiye niliyekuletea, ndiye uliyelifungua. Huyu mwenzio alimalizia tu, kaniambia mwenyewe."

Mwenyekiti akanigeukia. "Mapunda, wewe unasemaje?"

Gaudensi naye akanigeukia. Hakunikazia macho wala kunitisha, alisubiri tu, kama anavyosubiri mtu umpasie kitu ambacho wote wawili mnajua unacho mkononi.

Nikasema, "Mwenyekiti, hapa kila mtu na rangi yake."

Sikumtaja Gaudensi, sikusema uongo wowote ambao mtu angeweza kunishika nao. Kwa hilo ndilo nilijipongeza moyoni, kwamba sikusema uongo! Nimewahi kusafisha matangi ya mafuta yenye panya waliooza ndani, na sijakutana na kitu kinachonuka kama ile sentensi. Kila neno lilikuwa la kweli, na nililipanga ili mtu mwingine aumie.

Gaudensi akashusha boneti, akasema, "Sawa. Rangi yangu nitaisimamia." Aliuza kompresa yake na vifaa vyake vingi, akatafuta injini nyingine, akaifunga mwenyewe. Ilimchukua karibu wiki tatu. Nadhani alikuwa ananipa muda. Kila asubuhi alinisalimia, na mimi, Restituta, nilikuwa nampasia spana. Namba kumi na mbili, namba kumi na nne, nampasia, napokea, nampasia. Akarudisha sensa mahali pake, boksi la filta lilikuwa limeshafika, akampa Bi Zuhura gari lake. Bomba langu alilifungua akalisimamisha pale kwenye kona, akaniambia, "Hili la kwako." Ndilo neno pekee alilowahi kuniambia kuhusu jambo lile. Wiki ile ile akaondoka Songea. Alipita nyumbani kukupa zile gololi. Ulimuuliza anakwenda wapi, akasema anakwenda kutafuta kazi kwenye baridi zaidi.

Na mimi nikanawiri. Hilo ndilo linalonichefua kuliko yote, kwamba sikupatwa na kitu. Wateja wake wote wakawa wangu. Vijana wa mjini wakaanza kuleta magari yao ya turbo yenye milio ya kupiga pshii mbele za watu, wakawa wananiita mtaalamu, na mimi nikawa naitika. Bomba lile niliwahi kulitupa dampo mara mbili, na mara zote mbili nikalifuata kabla hawajachoma taka, siyo kwa ujasiri, kwa hofu kwamba mtu ataliokota na kuijua weldi. Liko chini ya benchi hadi leo, madoa yote ya njano yapo.

Mama yako alijua. Sikumwambia mimi. Alikuwa anafua ile ovaroli, akaona njano kwenye mkono. Alinijia nayo imelowa, inachuruzika maji, akaniuliza, "Rangi yako si nyekundu?" Aliitumbukiza kwenye beseni akaondoka, na tangu siku ile hajaigusa tena ovaroli yangu. Umekua ukiniona nafua mwenyewe kila Jumamosi. Majirani wananisifu, wanawaambia waume zao wajifunze kwa Baba Resti, mwanamume anayejua kusaidia nyumbani. Hata wewe uliwahi kuandika shuleni insha kwamba baba yako anafua nguo zake mwenyewe. Ulipata alama nzuri, ukanisomea kwa sauti, mama yako akiwa pale pale anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

Kuna siku nilikupiga kofi mkononi. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, ulilegeza klempu ya bomba la hewa kwenye gari la mteja ukasema, "Baba, mbona hii sensa tusiisogeze hapa ambapo pana nafasi?" Nilikupiga kabla sijajua nimekupiga. Ulilia, nami nikakukalisha hapa hapa kwenye injini hii nikakufundisha kila kitu kuhusu sensa ya hewa mpaka jua likazama, na ulipoelewa ukanirudishia kwa sauti yako: mshale uangalie turbo, bomba linyooke, na kisichokupendeza usikisogeze mpaka ujue kiliwekwa pale kwa nini. Chuoni waliwahi kukusifu kwa maneno hayo, ukawaambia ni ya baba yako.

Siyo yangu. Ni ya Gaudensi, yote, hata ule mpangilio wake. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema hapa kwenye benchi wakati mimi nikijifanya sisikii. Nilimfukuza mtu Songea kwa ukimya wangu, nikabaki na wateja wake na benchi lake, halafu nikayachukua na maneno yake nikamlisha mwanangu kama yangu.

Sikuandikii haya ili unionee huruma, na ukinionea nitaudhika. Nakuandikia kwa sababu utakosea. Utakaza boliti vibaya, utaunganisha waya usiotakiwa, utamwagia mtu oili isiyo yake. Hayo siyaogopi. Ninachokiogopa ni ile nusu saa inayofuata, unapojua wewe peke yako. Sema ndani ya nusu saa hiyo, kabla ya kwenda kula. Ukishakula, ukarudi, ukacheka na wenzako, jambo linakuwa limepata mahali pa kukaa na kuling'oa kunahitaji mtu mwenye nguvu kuliko wewe. Mimi nilikuwa na nafasi ya kusema siku aliporudi kutoka Mbinga, na siku ya bisi, na uwanjani mbele ya mwenyekiti, na kila asubuhi ya zile wiki tatu. Kila moja iliyopita iliifanya inayofuata kuwa nzito zaidi.

Ukiona mtu anakuzidi kazini, mkubali haraka. Inauma siku mbili, basi. Mimi nilikataa kuumwa siku mbili.

Leo asubuhi baada ya misa sikuja nyumbani moja kwa moja, mama yako atakuwa amekuambia nimechelewa. Nilikwenda kwa Bi Zuhura. Amestaafu, anafuga kuku wa mayai. Alinikaribisha vizuri, akataka kunipa chai. Nikamwambia nisikilize kwanza, halafu uamue kama unanipa. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, pamoja na petroli mbovu, pamoja na simu ambayo sikumpigia.

Alikuwa bado ameshika birika. "Subhanallah," akasema. "Fundi, miaka yote hii unapita hapa unaniuliza gari linaendeleaje. Kwa mdomo huu huu?"

Nikasema ndiyo, huu huu.

"Yule bwana nilimnyooshea kidole mbele za watu. Mimi, mwalimu. Umenifanya nimdhulumu mtu na mimi nikilala nikijiona nimedhulumiwa." Akaweka birika chini. Chai hakunipa. Akaomba namba ya Gaudensi nikamsomea, akaiandika, akaisoma tena kuhakikisha, halafu akanifungulia mlango. Nimemwambia mwenyekiti wa sasa pia, na Alhamisi nitawaambia wenzangu wa jumuiya. Wateja wakipungua, nitarudi kwenye breki na springi. Ndizo nilizokuwa nazijua.

Nilikuwa nimepanga nikufungie lile bomba kwenye begi lako, chini ya nguo, umpelekee. Nilishalipangusa na kulizungushia gunia. Halafu nikajiona: hata sasa namtafuta mtu mwingine wa kubeba. Nimelitoa. Jumamosi nitapanda basi nimpelekee mwenyewe, na nitafikia gesti, siyo kwako, ili usilazimike kuchagua pa kukaa wakati nazungumza naye. Akinifukuza, usinitetee. Akikufukuza wewe kwa ajili yangu, atakuwa na haki ya kuwa na hasira lakini hatakuwa amekutendea haki, na hilo mwambie kwa heshima, rudi nyumbani, tutatafuta kwingine. Sidhani kama atafanya hivyo. Mtu anayesubiri kama anavyosubiri yule hana haraka ya kuumiza watu.

Nasikia kengele ya jioni, mtakuwa mnakaribia. Barua hii utaikuta kwenye mfuko wa pembeni wa begi, na juu ya bahasha nitaandika uisome ukiwa ndani ya basi, Songea ikiwa nyuma yako, ili usilazimike kuniangalia usoni kesho alfajiri. Ni woga huo, naujua. Ndio wa mwisho nitakaokuomba univumilie.

Siku ya kwanza mwamkie, mwite baba mdogo kama ulivyokuwa ukimwita. Akikuuliza sensa inafungwa wapi, mwambie baada ya filta, kabla ya turbo, bomba linyooke, mshale uangalie turbo. Akikuuliza nani alikufundisha, usinitaje. Mtazame umwambie, "Ni wewe, baba mdogo. Yalinifikia kwa kupitia kwa baba, lakini ni wewe."

Bahasha nitaifunga kwa gundi, na juu ya mfuniko nitadondosha doa moja. Nilinunua kopo jipya jana. Ni nyekundu.

Baba yako,
Mapunda